Wavu wa Mhandisi Una Macho na Mafundo

Abiria atokaye Ruiru kwenda Thika hupita Juja, kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Mhandisi wa leo huijaribu kazi yake kwenye kompyuta kabla chuma hakijakatwa. Kwa kuwa kompyuta haiwezi kulikokotoa umbo lote kwa mkupuo mmoja, umbo hugawanywa katika vipande vidogo vilivyoshikana, mithili ya wavu. Maarifa hayo hufundishwa kwa Kiingereza, nao wanaisimu wa Kiswahili huyapita kama abiria yule alipitavyo lango la chuo.

Udhuru unaotolewa aghalabu ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Udhuru huo ni dhaifu. Wavu wa mvuvi una macho na mafundo: kipande cha umbo na kiitwe jicho, na pembe za vipande zikutanapo paitwe fundo. Wapo watakaopendelea kutohoa tu, waseme "meshi". Neno hilo litaingia upesi, lakini litaingia peke yake, bila jicho wala fundo.

Tena istilahi hizi zinahimili hata penye ugumu, yaani penye mviringo. Tundu la duara katika bamba la chuma likichorwa kwa pande 8 zilizonyooka, pembe zote zikiwa juu ya duara, eneo lake hupungua kwa takriban asilimia 10. Pande zikiwa 16, upungufu hauzidi asilimia 3. Na ukingoni mwa tundu ndipo penye hatari: bamba pana likivutwa, mkazo wa hapo hufikia mara 3 ya ule ulio mbali na tundu. Kwa hiyo mhandisi huyafanya macho kuwa madogo karibu na ukingo, au huongeza fundo katikati ya upande ili upande wenyewe upinde. Ni lipi hapo lisilosemeka kwa Kiswahili?

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi hiyo haikupaswa kuachiwa taasisi moja ya Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kinachofundisha Kiswahili, kiko kando ya barabara iyo hiyo ya Thika, na nauli ya matatu hadi Juja si kubwa. Mwanafunzi wa istilahi na aende na daftari lake, aketi nyuma ya darasa la wahandisi, aulize lile fundo la katikati lina kazi gani.