Mchawi wa kwenye kapeti ana jina la nani?

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa nyumbani Mwazye, kule Kalambo mkoani Rukwa. Nimerudi na jambo moja lililonikaa rohoni, na leo nalitoa. Atakayekasirika akasirike, tutaelewana mbele ya safari.

Mwaka jana nilinunua gari langu la kwanza, kigari kidogo cha mkononi. Wenzangu wa chumba cha habari wakanichangia zawadi: seti ya kapeti za gari kutoka kwa fundi mmoja hapa Dar es Salaam anayezitengeneza kwa oda. Unampa aina ya gari, unachagua picha, anaidarizi kwa mashine na kukuwekea jina lako. Upande wa dereva kuna jina langu kwa nyuzi za rangi ya dhahabu. Upande wa abiria kuna bibi kizee amekaa kwenye ungo, nywele timutimu, macho mekundu, anapaa juu ya mwezi. Chini yake maandishi: SUMBAWANGA–DAR DAKIKA TANO.

Tulicheka wote. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti. Nasema hivyo mapema ili msidhani naandika kama mtakatifu. Mfipa akikaa Dar miaka miwili tu anajifunza kuucheka utani huu kabla hajachekwa. Ukisema unatoka Sumbawanga, mtu anarudisha mkono aliokuwa anakupa. Ukichelewa kazini unaulizwa kama ungo umepata pancha. Unacheka, maisha yanaendelea.

Mwezi Desemba nikaenda nalo nyumbani. Mbeya, Tunduma, Laela, Sumbawanga mjini, Matai, halafu Mwazye. Mvua zilikuwa zimekolea, na ukiacha lami tope la kwetu unalijua. Kapeti zilifanya kazi yake sawasawa. Siku ya pili bibi yangu, mama mzaa mama, akaniomba nimpeleke kanisani. Akafanya wanavyofanya wazee wengi wakipanda gari la mtu: akavua ndala akazishika mkononi, asichafue. Akaingiza miguu mitupu, akatazama chini, akaiinua tena.

"Huyu ni nani, baba?"

Nikamwambia ni picha tu, bibi, ya matangazo.

Akaitazama tena kwa muda. "Mbona macho yake kama ya kwangu?"

Sikuwa na jibu. Bibi ana macho mekundu kwa sababu amepika kwa kuni zaidi ya miaka sitini katika jiko lisilo na dirisha. Ndivyo walivyo bibi zetu karibu wote vijijini. Alikaa ameinua miguu mpaka kanisani, na wakati wa kurudi alisema afadhali atembee.

Hapo ndipo kicheko kiliponitoka.

Sasa sikilizeni. Nilipompigia yule fundi kumweleza, alinijibu kwa hoja, tena hoja ambayo wengi wenu mtaiunga mkono. Alisema, kaka, hii ni biashara ya hadithi za kale. Wengine nawawekea dragoni, wengine lile jitu la manyoya la Wamarekani, Bigfoot. Wewe umepewa la kwenu. Ubaya uko wapi?

Ubaya uko hapa. Huko California kuna mji mdogo unaitwa Willow Creek, unaojiita makao makuu ya Bigfoot. Karibu na huko, Bluff Creek, ndiko ilikopigwa ile filamu maarufu ya mwaka 1967 inayodaiwa kumwonyesha. Wanamchonga, wanamchora, wanauza chochote chenye sura yake, na hakuna anayeumia. Kwa nini? Kwa sababu Bigfoot hana nyumba. Hana shamba linalopakana na la kwako. Hakuna mtoto anayeugua Willow Creek halafu watu wakaenda usiku kwa jirani na kusema Bigfoot ni wewe.

Mchawi siyo kiumbe wa hadithi wa namna hiyo. Mchawi siku zote anatafutiwa mtu. Anatafutiwa bibi fulani, mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Hata Popobawa, ambaye angalau ana mabawa, alitafutiwa mtu: mwaka 1995 hofu ilipoikumba Zanzibar, umati ulimuua mtu mwenye ugonjwa wa akili kwa kudhani ndiye. Na uvumi huo huo uliingia Dar es Salaam mwaka 2007. Sisi watu wa mjini tulioweka picha za ungo kwenye magari yetu tusijifanye hatujui.

Takwimu zipo kwa anayetaka. Kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake. Na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukumani, siyo Sumbawanga! Miaka ya karibuni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeendelea kuyahesabu mauaji ya aina hii katika ripoti zake za kila mwaka. Na imani hiyo hiyo ya kutafuta nguvu za giza ndiyo iliyowafanya ndugu zetu wenye ualbino wawindwe. Machi 2015 mkoani kwetu Rukwa mtoto wa miaka sita alikatwa kiganja cha mkono. Nani anataka kudarizi hilo kwenye kapeti?

Tena kuna sheria. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu mwaka 1928, enzi za Mwingereza. Wengi wanadhani inamhusu mchawi peke yake. Hapana. Inamgusa pia anayemtaja mwenzake kuwa ni mchawi bila kupeleka habari kwenye mamlaka. Waliotunga sheria ile walijua kwamba kutaja jina ndiko kunakoanzisha maafa. Sitaki kusema fundi wangu ni mhalifu, hakumtaja mtu. Lakini ametaja mji mzima na mkoa mzima, akachora na sura ya kuutambulisha.

Nitaambiwa: ni utani tu, Mfipa gani wewe huna utani? Utani naujua. Utani wetu Watanzania ni kitu kizuri sana, na una kanuni zake. Mtani anakutania usoni, na wewe unamrudishia, na siku ya msiba ndiye wa kwanza kufika kukusaidia. Bibi yangu atamrudishia nani? Huyo aliyemchora hajawahi kumwona, na siku wakimzingira wenye marungu hatakuwepo.

Na la kuchekesha ni kwamba jina lenyewe linasema kinyume. Wazee hueleza kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Yaani mgeni anapoingia aache ushirikina wake mlangoni. Sisi tumeligeuza jina la mji unaokataza uchawi likawa jina la duka la uchawi. Na lawama kubwa iko kwetu waandishi wa habari. Mara ngapi tukio la kawaida kabisa, radi imepiga, ng'ombe wamekufa, likitokea Rukwa linapata kichwa cha habari chenye alama ya mshangao? Nimewahi kuandika kimoja cha namna hiyo mwenyewe, mhariri akanipongeza. Leo nakionea aibu.

Kama ni fahari ya kwetu, ipo tele. Wafipa walikuwa wafua chuma waliojenga matanuru marefu ya udongo, malungu, yanayompita mtu kwa kimo, na baadhi yake yamesimama mpaka leo. Maporomoko ya Kalambo yako wilayani kwetu, mpakani na Zambia, zaidi ya mita 200 kwenda chini. Mwazye hiyo hiyo ndiko alikozaliwa Polycarp Pengo mwaka 1944, aliyefanywa kardinali mwaka 1998. Mbona sijaona kapeti ya tanuru?

Fundi aliniuliza swali la haki mwishoni. "Sawa kaka, basi niambie ninyi mna kiumbe gani, nimweke huyo."

Tunaye. Ni chatu. Katika mila za Ufipa chatu alihesabiwa kuwa makazi ya roho walinzi wa nchi, wale wa milima na misitu. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliyefanya utafiti kwa Wafipa aliandika habari zake katika kitabu chake Man and Beast cha mwaka 1974. Bibi mwenyewe amenisimulia kwamba zamani chatu akionekana karibu na makazi hakupigwa, alipokelewa kwa heshima kama mgeni mkubwa, na wazee wakaitwa. Chatu huyu hana jirani wa kumsingizia. Ukimdarizi kwenye gari lako hakuna mjane atakayepoteza usingizi.

Nikamwambia hivyo. Akafurahi, akasema nimtumie picha, ataanza na seti kumi za kapeti.

Nikamwambia hapana, siyo kapeti. Chatu wa kwetu hakanyagwi. Mweke kwenye kava za viti, mweke kwenye usukani, popote unapotaka, lakini siyo chini ya viatu vya watu. Akanyamaza kidogo, akasema kava za viti ni ghali zaidi kutengeneza ila atajaribu moja, tuone kama itauzika. Nimeshampa oda, na malipo ya awali nimelipa.

Ile kapeti ya abiria niliitoa siku ile ile pale Mwazye. Sikuichoma, maana kuchoma vitu usiku kijijini nako kuna maelezo yake. Nilifumua nyuzi kwa wembe, picha na maandishi, kazi ya saa mbili. Kimebaki kipande cheusi chenye vitobo vya sindano, nacho kinazuia tope vizuri tu. Siku ya kuondoka bibi alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amekaa kiti cha mbele, miguu chini.

Wewe unayetaka kumpa rafiki yako Mfipa zawadi, ninakuomba uchague picha nyingine. Na wewe mwandishi mwenzangu, kabla hujapeleka kwa mhariri kichwa cha habari chenye neno Sumbawanga na alama ya mshangao, jiulize kuna bibi wa nani ndani yake.