Mwindaji wa Upinde Si Jangili

Lugha huhukumu kabla ya mahakama. Mzee wa jamii ya Waata aliyewinda ndovu nyikani Tsavo kwa upinde na mshale wenye sumu ya msunguti huitwa jangili, jina lile lile apewalo mwenye bunduki ya rashasha. Je, hiyo ni haki?

Yafaa ikumbukwe kwamba Waata waliwinda katika nyika hiyo kabla haijatangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1948. Uwindaji wao ulidai ustadi mkubwa: kusoma nyayo, kuupima upepo na kumnyemelea mnyama hadi karibu kabla ya kuuvuta upote. Ni kweli kwamba baadhi yao waliwauzia wafanyabiashara pembe, na katika miaka ya 1950 wengi walikamatwa na kufungwa. Mwaka wa 1977 uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya, na sheria ya mwaka wa 2013 inaharamisha hata uwindaji wa kitoweo.

Hoja hapa si kwamba katazo hilo liondolewe. Ndovu wanahitaji ulinzi. Hata hivyo, sheria ikikomesha kitendo, haimlazimishi mwandishi kuwatukana waliokitenda kabla yake. Wanafunzi wa Kiswahili na wawaendee wazee hao, wanakili majina yao ya podo, wano, kigumba na sumu. Mzee aitwaye jangili hatakuwa na hamu ya kusimulia. Atazikwa na msamiati wake.