Kupigwa kalamu na programu

Msinicheke, leo naandika sheria. Blogu hii ni ya msimbo na tarakilishi, najua, lakini jambo hili linatuhusu sisi waundaji wa programu kuliko tunavyodhani.

Sheria ya Ajira ya 2007 hapa Kenya haimung'unyi maneno. Kifungu cha 46 kinasema ulemavu si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Sawa. Lakini rudi nyuma hadi kifungu cha 41: mwajiri anaweza kumwachisha mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, mradi kwanza amweleze sababu na amsikilize, mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama akiwapo. Sasa niambieni, ni mwajiri gani atakayeandika "ulemavu" kwenye barua? Ataandika "utendaji duni".

Na huo utendaji duni mara nyingine tumeuunda sisi. Chukua karani asiyeona anayepokea simu za wateja. Anatumia NVDA, programu huru inayomsomea skrini, na kazi yake inakwenda vizuri. Ijumaa jioni tunaweka toleo jipya la mfumo: vitufe vya picha visivyo na lebo, menyu isiyofunguka bila kipanya. Jumatatu anachosikia ni "kitufe, kitufe, kitufe". Wateja wanangoja kwenye laini. Mwezi ukiisha, ripoti (nayo tumeiandika sisi!) inamweka mkiani, na mwajiri anaibeba hadi kikaoni kama ushahidi.

Kwangu mimi ripoti hiyo haijampima karani hata kidogo. Imeupima mfumo. Kikao kisichouliza ni nini kilichobadilika Ijumaa ile hakijamsikiliza mtu, hata wakae saa tatu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa. Lebo ya kitufe ni mstari mmoja wa msimbo, jamani.

Mahakama si adui hapa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilimpa haki mfanyakazi wa kampuni ya bima aliyeachishwa kazi baada ya kuugua uti wa mgongo. Akionyesha msingi wa madai ya ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ila ilibidi apande mahakama tatu. Na fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki, kwa kifungu cha 49, haizidi mshahara wa miezi 12.

Kwa hivyo ukiona mfumo umekufungia mlango, usilalamike kwa mdomo tu. Andika barua pepe siku hiyo hiyo, taja skrini na kitufe, omba kirekebishwe, weka nakala nje ya tarakilishi ya ofisi. Nasi tunayo kumbukumbu ya kila toleo, na tarehe yake.

Mnaotumia NVDA kazini, niandikieni: ni skrini gani zinazowatesa?