Tathmini Isiwe Chini ya Rais wa Benki

Mwandishi aliyependekeza idara za tathmini katika benki za maendeleo ziwe chini ya marais wa benki hizo, eti mafunzo yafike haraka, amekosea pakubwa.

Tuitazame Benki ya Dunia. Robert McNamara, rais wake wakati huo, alianzisha kitengo cha tathmini mwaka 1970. Leo mkurugenzi mkuu wake anawajibika kwa Bodi, si kwa Rais. Kuna sababu. Mradi ukifungwa, waliousimamia huandika ripoti na kujipa alama. Idara huru huipitia, hudai ushahidi, na inaweza kuishusha alama hiyo. Kwa mradi wa maji, kwa mfano, kuhesabu pampu zilizowekwa hakutoshi. Je, maji bado yanatoka?

Nani atathubutu kushusha alama ya mradi uliosifiwa hadharani na bosi anayeshika mkataba wake? Hiyo ni kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Ni kweli, ripoti nyingine huchelewa. Dawa yake ni mkuu wa idara kukaa na mameneja mapema, mradi ungali unarekebishika, huku hukumu ikibaki yake. Mikopo ya benki hizi hulipwa na wananchi. Wana haki ya kuambiwa ukweli na mtu asiyeogopa kufukuzwa kwa kuusema.