Mwambie Aweke Upondo

Siku utakayopanda mtumbwi kwenda kumtazama korongo-nyangumi, nina ombi moja kwako. Kabla hujakaa vizuri, mwambie mwenye mtumbwi kwamba bakshishi yake ipo, mmwone ndege msimwone, mmkaribie msimkaribie. Sema kwa sauti, abiria wenzako wote wasikie.

Mimi sikusema. Ilikuwa Mabamba, kinamasi cha mafunjo kando ya Ziwa Victoria, ng'ambo ya Entebbe. Tulikuwa abiria watatu na kijana mwenye upondo, tukizunguka vijia vya maji tangu jua halijachomoza. Mara kijana akauzuia mtumbwi na kuonyesha kwa kidevu. Kumbe yule kasimama mbele yetu muda wote: ndege wa kijivu, kimo chake kifuani kwa mtu mzima, mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Kwa mdomo huo Waarabu walimwita Abu Markub, mwenye kiatu. Waganda humwita bulwe. Nilitazama saa yangu. Dakika ishirini zilipita na hakutikisa hata unyoya. Hapo nikalitoa lile neno la abiria: "Sogea kidogo."

Tukasogea. Akakunjua mbawa zake kubwa, akaondoka.

Kijana hakunigombeza. Alisema tu, "Ssebo, alikuwa jikoni."

Niliielewa kauli ile baadaye, nilipojua anavyotafuta riziki. Samaki anayempenda kuliko wote ni kamongo. Maji ya kinamasi yana hewa haba, na kamongo hana budi kupanda juu mara kwa mara kuvuta pumzi. Korongo-nyangumi huchagua mahali majani yalipoachana kidogo, akasimama hapo akingoja pumzi hiyo moja. Kamongo akichomoza, ndege hujitupa mzimamzima, kichwa mbele, mbawa wazi, kama gunia lililodondoka kutoka kwenye lori. Akiinuka, mdomo umejaa matope na magugu. Huanza kupepeta kama mama anayechambua mchele: magugu yanamwagika, samaki anabaki, kingo kali za mdomo zinamkata. Wakati mwingine huinuka na magugu matupu. Basi mtu aliyengoja saa nzima apate tonge moja, sisi tunakuja na kamera zetu tunampindulia sufuria.

Na huenda tonge hilo si lake peke yake. Jike hutaga mayai mawili hivi, na kwa kawaida ni kinda mmoja tu anayefika ukubwani. Jua likiwa kali, mzazi huchota maji kwa ule mdomo na kuyamwagia mayai au kinda ili wapoe. Kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu akihudumiwa hivyo. Fikiri sasa mitumbwi minne imejipanga mbele ya kiota saa sita mchana, mzazi kakwepa, mayai yako juani.

Wengi huuliza sauti yake ikoje. Karibu wakati wote ni bubu. Ila kiotani, dume na jike wakipokeana, hugonganisha midomo haraka haraka, ta-ta-ta-ta, mlio mkavu kama wa mtu anayepigapiga vibao viwili. Kinda akiwa na njaa hutoa sauti ya kwikwi. Nilicheka nilipoambiwa, mpaka niliposikia. Lakini katikati ya ngurumo za injini na muziki wa simu, huambulii kitu.

Wavuvi wa Mabamba zamani waliamini kwamba kumwona bulwe asubuhi ni kurudi na nyavu tupu, kwa hiyo walimuua. Siwacheki. Mwenye watoto nyumbani na ndoo tupu mkononi hutafuta wa kumlaumu. Leo baadhi ya wavuvi ndio wanaowaongoza wageni, na tangu mwaka 2006 Mabamba imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hatari imegeuka upande: jana ilitoka kwa wasiotaka kumwona, leo inatoka kwetu tunaotaka kumwona mno. Kijana wa upondo anajua kabisa umbali unaofaa. Sisi ndio tunaomnunua auvuke.

Watanzania, msidhani ni habari za jirani. Bulwe anaishi pia Malagarasi-Muyovozi, upande wa magharibi, eneo letu la kwanza kuingia orodha hiyo ya Ramsar, mwaka 2000, lenye hekta zipatazo 3,250,000. Huko ombi langu ni kwa wachoma nyasi. Ndege huyu hujenga kiota maji yanapopungua, kwa hiyo kiberiti cha kiangazi hukuta kinda bado yumo, hajajua kuruka. Tazameni kwanza. Na mtu akija kijijani kuulizia makinda wa kununua, apelekwe kwa afisa wanyamapori, asionyeshwe njia. Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 tu. Watu wa tarafa moja huwazidi.

Nilirudi Mabamba. Safari hii bakshishi niliitaja tukiwa bado gatini, na kijana, si yule wa kwanza, akanitazama kama mtu anayetafuta mtego. Tulipofika kwenye ukuta wa mafunjo akalaza upondo, akaketi. Tulikaa. Mbu walitukaribisha. Baada ya muda, ng'ambo ya mafunjo, ikaja: ta-ta-ta-ta, ikakatika, ikajibiwa. Hatukuona hata mkia. Tuliporudi gatini kijana alizihesabu pesa zangu mara mbili, akacheka, akaniuliza nitarudi lini.