Lori la Kijeshi Chini ya Mkwaju



Juma hili tunaleta jambo ambalo baadhi yenu mmekwisha kulisikia likisemwa nje ya kanisa baada ya Misa, tena kwa kicheko. Ni habari ya mzee mmoja wa kigango chetu, upande wa barabara iendayo Kongwa, ambaye kwa muda wa mwaka mzima na zaidi amekuwa akilifufua lori kuukuu la kijeshi akisaidiwa na binti yake. Wapo wasemao kwamba mzee amechanganyikiwa. Wapo wasemao kwamba binti anaharibiwa. Nasi, tukiri mapema, tulikuwa miongoni mwa waliopinga. Tunaandika kwa ruhusa ya wote watatu, yaani baba, mama na binti, ingawa majina tumeyaacha. Wala hakuna lolote humu lililotoka katika kiti cha kitubio.

Lori lenyewe ni Bedford, la aina ile ambayo Waingereza walianza kuliundia jeshi lao mwaka 1953, lenye uso bapa, magurudumu yote manne yenye kuvuta, na injini ya petroli ya silinda sita. Mzee alilinunua mwaka 1991 kwa mfanyabiashara wa nafaka, likiwa limekwisha kupita mikononi mwa wengi. Akabebea mtama, uwele na karanga hadi mwaka 2003, lilipozima siku moja na kusukumwa chini ya mkwaju ulio nyuma ya nyumba. Likakaa hapo. Kuku wakataga ndani ya kebini, mbuzi wakalala uvunguni, na wanunuzi wa vyuma chakavu wakaja mara tatu na mizani yao.

Binti ni kitinda mimba. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, akarudi nyumbani na kujifungia chumbani na simu yake. Baba na mwana wakawa hawasemezani isipokuwa shikamoo ya asubuhi. Mama ndiye aliyekuja ofisini kwetu kuomba ushauri. Tukaenda, tukakaa chini ya mkwaju huo huo, tukalitazama lile chuma, tukasema kwa uhakika wa mtu aliyesoma seminari miaka mingi: "Mzee wetu, uza hicho chuma, fedha mlipie binti kozi ya kompyuta mjini." Alitusikiliza kwa adabu, akatukaribisha maziwa ya mgando, na kesho yake akaanza kufungua nati. Binti alitoka chumbani kwa sababu ya kelele ya nyundo. Alitoka kulalamika, akaombwa ashike taa.

Hapa hatuna budi kurudi nyuma kidogo, maana Ugogo si mgeni wa mitambo ya vita. Wazee wa Kongwa walihadithiwa na baba zao habari za mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, wakati John Strachey alipokuwa Waziri wa Chakula. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Matrekta mapya hayakupatikana kirahisi, ndipo yakaletwa masalio ya vita: malori na matrekta yaliyokwisha kutumika mikononi mwa majeshi, hata vifaru vya Sherman ambavyo kampuni ya Vickers ilivivua mizinga na kuvigeuza matrekta, vikaitwa Shervick. Mnyororo wa nanga ya meli ulifungwa kati ya mitambo miwili na kuburutwa ili kung'oa vichaka, katika nchi iliyo mbali na bahari kiasi kile! Babu yake huyu binti, mzaa baba, alikuwa kibarua huko. Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi.

Nabii Isaya aliona panga zikifuliwa ziwe majembe, nasi mapadre tunalihubiri neno hilo kwa wepesi mno. Hapa kwetu lilitendeka kwa chuma halisi, kifaru kikawa trekta, na bado chakula hakikupatikana. Kwa nini? Mvua za Kongwa hazikusubiri ratiba ya London. Udongo ule mwekundu hukauka kiangazi ukawa kama saruji, na majembe ya chuma yalivunjika juu yake. Wagogo, ambao wangeweza kueleza hayo yote kwa jioni moja, hawakuulizwa. Aidha, madereva na mafundi walifunzwa kwa haraka, mashine kuukuu zikaharibika kwa wingi, vipuri vikawa haba. Mzee wetu husema kwamba baba yake aliona mitambo ikiachwa kwa kosa la boliti moja, kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kujifunza boliti hiyo ni ya nini. Yamkini ndiyo maana yeye hawezi kupita kwenye chuma kilichoachwa.

Basi kazi ilianzia kwenye injini, ambayo pistoni zake zilikuwa zimekamata. Walifungua plagi zote sita, wakamimina katika kila silinda mafuta mepesi yaliyochanganywa na dizeli, wakafunika, wakasubiri. Kila jioni walijaribu kuzungusha kwa hendeli, kwa mkono mwepesi. Siku ya kumi ilisogea upana wa kidole. Tulikuwapo jioni hiyo, tumekwenda kwa jambo jingine la jumuiya, tukamwona binti anaruka. Tangu kidato cha nne hatukuwa tumemwona akifurahia lolote.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kabureta, rejeta, klachi na kutu. Hatutaieleza yote, maana si fani yetu. Jambo tunalotaka mlisikie ni lile lililotokea uvunguni mwa lori.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana. Magari ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kusaidia kubeba askari na mizigo. Mzee wetu alikuwa kijana wa miaka 20, utingo wa lori mojawapo. Akaenda na lori lake. Alirudi mwaka uliofuata, baada ya Kampala kuwa imetekwa Aprili 1979, lakini dereva wake, mtu aliyemfundisha kazi tangu kushika spana, hakurudi. Kwa zaidi ya miaka 40 hakumsimulia mke wake, wala wanawe wakubwa, wala sisi. Alimsimulia kitinda mimba wake, wakiwa wamelala chali wote wawili juu ya gunia, wakifungua nati za gia boksi, mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama juu. Tulipomuuliza binti ilianzaje, alijibu, "Padre, baba alikuwa anaongea na gari. Mimi nikasikia."

Tumekuwa tukiwaza maneno hayo. Sisi wachungaji tunawahimiza wazazi waongee na watoto wao. Tunaandaa semina za familia, tunaweka viti vinatazamana. Kumbe wapo wanaume wengi, hasa wa rika lile, wasioweza kusema neno zito wakitazamwa usoni. Wanahitaji kitu cha kushika. Zamani kilikuwa jembe, au ng'ombe wa kuchunga, au zizi la kujenga. Leo mzazi analipa ada na mtoto anasoma mbali. Wakikutana likizo, kila mmoja ana simu yake. Kulipa ada ni upendo, hatulikatai hilo. Lakini mtoto anaweza kulipiwa ada miaka kumi na mmoja asijue kamwe mikono ya baba yake inajua nini.

Injili, kama mnavyojua, haina hata neno moja lililotamkwa na Mtakatifu Yosefu. Hata hivyo, katika Mathayo 13:55 watu wa Nazareti wanamjua Yesu kuwa mwana wa seremala, na katika Marko 6:3 wanamwita yeye mwenyewe seremala. Ujuzi huo hakuzaliwa nao. Mtu alimshikisha mbao na kumsubiri akosee. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya kitume Patris Corde ya tarehe 8 Desemba 2020, alitenga sehemu nzima kwa Yosefu kama baba mfanyakazi, nasi tunawashauri mnaosoma muitafute.

Kuna wanaotuambia kwamba ufundi ni wa walioshindwa shule. Hilo ni kosa la zamani. Mwalimu Nyerere alilipinga mwaka 1967 alipoandika juu ya elimu ya kujitegemea, na leo sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. VETA nao wana utaratibu wa kumpima na kumtambua kwa cheti mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa. Na wanaosema kwamba gereji si mahali pa msichana, tunawaomba waende wakaangalie nani aliyepanga waya za lile lori. Tutafika huko.

Hatupendi, hata hivyo, mtu asome makala hii kisha akanunue lori bovu Jumatatu. Lori kuukuu linaua. Rimu za malori ya zamani zina pete ya chuma inayoweza kuruka tairi likijazwa upepo, na pete moja iliruka uani hapo ikapasua ukuta wa jiko la nje. Mungu ashukuriwe, hakuwapo mtu. Tangu siku hiyo tairi hujazwa likiwa limefungwa kwa mnyororo, naye mjazaji husimama kando. Hakuna kuingia uvunguni kwa kutegemea jeki peke yake. Yawekwe magogo imara. Vumbi la breki za zamani lina asbesto, si la kupulizwa kwa mdomo wala kwa pampu, lilowanishwe lifutwe. Kadhalika, baba na binti waliamua mapema wasilipake tena rangi ya kijani ya kijeshi, maana jeshi letu limekwisha kutuonya raia mara kadhaa juu ya kujivika mavazi yake, nao hawakutaka maswali barabarani. Binti alichagua bluu.

Na lipo la mama. Ng'ombe mmoja aliuzwa mnadani ili kununua klachi, naye mama akaambiwa baadaye. Hapo tulikwenda tena chini ya mkwaju, safari hii kwa uso mkavu. Kazi inayomrudisha mtoto kwa baba yake haina ruhusa ya kumfanya mama kuwa mgeni katika mali ya nyumba yake. Mzee hakubisha. Alileta daftari, akaandika mbele yetu kila kilichotumika, na walikubaliana kwamba kuanzia siku hiyo hakinunuliwi kitu bila mama kukiona kwanza. Mama anasema ng'ombe wake bado anamdai, nasi tunamuunga mkono.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita tuliitwa kuja kuona injini ikiwashwa. Jumuiya nzima ilikuwapo, wenye kucheka wakiwa mbele. Petroli ilikuwa ndani ya dumu lililofungwa juu ya kebini, jambo ambalo hatulisifu hata kidogo. Mzee akawasha. Injini ikakohoa, ikapiga mshindo nyuma, ikamisi, ikafa. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu watu wakaanza kuondoka. Mzee akaegemea usukani, na uso wake hatukuutaka kuuona.

Binti alikuwa ameandika kwa chaki, miezi mingi nyuma, upande wa ndani wa mlango: 1-5-3-6-2-4, yaani mpangilio wa silinda hizo sita kuwaka. Akaisoma, akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole, akasimama. "Baba, hizi mbili umezibadilisha. Ya tatu iko kwa sita." Mzee akashuka. Akatazama kwa muda. Kisha akasema mbele ya watu wote, mzee wa miaka 67 wa Kigogo, mbele ya majirani waliomcheka mwaka mzima, "Kweli, mama. Nimekosea mimi." Akampa ufunguo.

Iliwaka. Moshi mweusi, kisha wa kijivu, kisha mlio ule wa silinda sita uliosawazika, na kuku wakakimbilia kwa jirani. Tumeombwa kulibariki, nasi tumesema tutalibariki likiwa na breki. Mzee anataka safari ya kwanza iwe Kagera, akatafute mahali fulani kando ya barabara anapopakumbuka; binti anataka iwe Kibaigwa sokoni, ikalete fedha ya kumlipa mama ng'ombe wake. Hawajakubaliana, na bahati njema wanabishana kwa sauti siku hizi.

Kinachokosekana sasa ni mipira ya masta silinda ya breki. Wametafuta gereji zote za Dodoma mjini na hadi Morogoro bila mafanikio. Kama yupo kati yenu mwenye Bedford ya zamani iliyolala uani, au anayemjua fundi anayechonga mipira ya aina hiyo, tafadhali atuone ofisini Jumapili baada ya Misa ya pili. Aje na kile cha zamani kama kipo, wapime.