Wachuuzi wa kutwa: Hesabu ambayo kijana wa Pwani haelezwi

KIJIJINI Kibuyuni, karibu na Shimoni katika Kaunti ya Kwale, mkulima wa mwani hahitaji kuelezwa na mtu kwamba si kila siku ni siku ya shamba. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mno, huingia kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna. Maji mafu yakija, hurudi nchi kavu akaanika na kusubiri. Zao lake huchukua takriban wiki sita kukomaa.

Popote simu ya mkono ilipofika, imefika pia biashara inayodai kinyume cha hayo, kwamba kila siku ni bamvua. Ni biashara ya kununua na kuuza hisa au sarafu za kigeni ndani ya siku moja kwa matumaini ya kuvuna tofauti ndogo ya bei. Wanaoifanya tuwaite wachuuzi wa kutwa, maana Kiswahili hakijaafikiana juu ya jina lao, na katika meza ya uhariri mjadala huo huanza upya kila inapoletwa habari ya soko.

Nchini Kenya biashara hii ni halali. Kanuni za biashara ya sarafu mtandaoni zilitolewa 2017, na mwaka uliofuata Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) ikaanza kuwapa madalali leseni. Soko la Hisa la Nairobi (NSE) nalo liliruhusu, Novemba 2021, hisa inunuliwe na kuuzwa siku iyo hiyo. Awali mnunuzi alilazimika kusubiri siku tatu za kazi ili malipo yakamilike. Tangu Agosti 2025 mtu anaweza kununua hata hisa moja, ilhali zamani kima cha chini kilikuwa hisa 100.

Mlango basi uko wazi. Kinachokosekana ni wa kumweleza anayeingia gharama ya kupita hapo.

Tuchukue mfano wa kijana mwenye Sh10,000. Kwa mteja mdogo, ada ya dalali pamoja na tozo za soko zimekuwa zikikaribia asilimia 2 kwa kila upande wa biashara. Anunuapo hukatwa kama Sh200, na auzapo hukatwa nyingine kama hizo. Bei ikisalia pale pale, amepoteza Sh400. Ili atoke bila hasara, sharti hisa ipande kwa zaidi ya asilimia 4 kabla ya soko kufungwa saa tisa alasiri, na kanuni za NSE haziruhusu bei ipande au ishuke kupita asilimia 10 kwa siku.

NSE ilipoanzisha biashara ya kutwa ilipunguza tozo yake kutoka asilimia 0.12 hadi 0.114 kwa wachuuzi hao. Kwa Sh10,000, punguzo hilo ni senti 60.

Upande wa sarafu, ada huonekana ndogo kwa sababu hatari imejificha katika mkopo. Dalali humruhusu mteja kubeba mzigo mkubwa kuliko amana yake. Mwenye Sh10,000 akibeba biashara ya Sh1 milioni, yaani mara 100, sarafu ikimwendea kinyume kwa asilimia 1 tu amana yote imekwisha. Mtikisiko wa kiasi hicho unaweza kutokea kwa siku moja, hasa Marekani inapotangaza takwimu zake za ajira. Takwimu hizo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu au saa kumi na nusu alasiri kwa saa zetu, kutegemea msimu.

Ndiyo maana wachuuzi wachache wanaodumu huishi maisha makavu kuliko picha za magari ya kifahari tunazooneshwa. Asubuhi husoma kalenda ya matangazo ya uchumi kabla ya kutazama bei yoyote. Huandika katika daftari sababu ya kununua, bei, na kiwango ambacho watakubali kukata hasara. Jioni huandika kilichotokea, pamoja na hofu au tamaa iliyowasukuma. Huweka kikomo cha hasara ya siku, nacho kikifikiwa huzima simu. Siku nyingine hawanunui chochote.

Kusoma habari si anasa katika kazi hii. Januari 2024 dola moja ilipita Sh160, na wengi waliapa kuwa shilingi ingezidi kuzama. Februari Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, serikali ikauza hatifungani mpya ng'ambo ili ilipe ile iliyokuwa ikikomaa Juni, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh131. Aliyetazama michoro ya bei pekee hakuona lililokuwa likija.

Kuhusu mafunzo, yako tele na mengi ni ya bure: tovuti kama Babypips, akaunti za majaribio za madalali, na mashindano ya uwekezaji ya NSE ambapo vijana hutumia pesa za kuigiza. Kasoro ni kwamba karibu yote ni ya Kiingereza. Pengo hilo limejazwa na walimu wa mitandao ya kijamii wanaouza kozi na dokezo za lini kununua. Baadhi yao hulipwa na dalali kwa kila mteja wanayemleta, iwe mteja huyo amepata au amekosa. Hapo tofauti na pata potea ni ndogo.

Je, mazoezi hayamfunzi mtu hatimaye? Watafiti wa Brazil waliwafuatilia wote walioanza biashara ya kutwa katika soko moja la nchi hiyo kati ya 2013 na 2015. Miongoni mwa waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara. Ni asilimia 1.1 pekee waliopata zaidi ya mshahara wa chini wa nchi hiyo. Isitoshe, hawakuona dalili kwamba siku zilivyozidi ndivyo watu walivyozidi kujua.

Tangu 2018 madalali wa Umoja wa Ulaya wamelazimika kumwonesha kila mteja asilimia ya akaunti zinazopoteza pesa kwao. Wasimamizi wa huko walikuwa wamegundua kwamba ni kati ya 74 na 89. CMA ina mamlaka ya kudai takwimu kama hiyo kwa kila dalali iliyempa leseni, iandikwe kwa Kiswahili, juu kabisa ya ukurasa ambako kijana wa Kibuyuni hubonyeza ili kutuma pesa.